Pointi 18 kati ya 20



Siku ya kutangazwa kwa matokeo, nyumba nyingi za Goma hufanana. Mtoto anaingia na buletini mkononi. Mzazi anaipokea, anateremsha macho moja kwa moja hadi asilimia iliyoandikwa chini, kisha anamtazama mtoto usoni. Ikiwa ni 70, kuna furaha. Ikiwa ni 45, kuna kimya. Ni mara chache mtu kuuliza mtoto amejifunza nini. Hata sisi walimu tulioziandika pointi hizo hatukuuliza, kwa miaka mingi.

Leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya swali hilo tulilochelewa kuliuliza: pointi tunazowapa vijana hupima kitu gani? Hatuandiki kama watu waliokwisha kupata jibu lote. Tunaandika kama walimu wa sayansi wa shule moja ya sekondari ya mji huu, walioonyeshwa kosa lao na mwanafunzi wao wenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Tulikuwa walimu wanne: wawili wa kemia, mmoja wa biolojia, mmoja wa fizikia. Sote tulikuwa tumesomea ualimu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto hujifunza sayansi kwa kutazama, kushika, kupima na kuuliza. Lakini darasani tulikuta wanafunzi zaidi ya 60, kitabu kimoja kilichokuwa mikononi mwa mwalimu, na kabati lililoitwa maabara, ambalo ndani yake mlikuwa na mirija miwili ya kioo na picha ya jedwali la elementi. Basi tukafundisha kama tulivyofundishwa sisi wenyewe tulipokuwa watoto. Tuliandika muhtasari ubaoni kwa Kifaransa, wanafunzi wakaunakili, wakaukariri, na siku ya mtihani wakaturudishia maneno yetu. Aliyeyarudisha yote alipata nyingi. Aliyepoteza baadhi njiani alipata chache.

Mfumo wenyewe wa pointi ulitupa haraka. Mnaujua: kila nusu ya mwaka ina vipindi viwili na mtihani, na somo lenye pointi 10 kwa kila kipindi huwa na pointi 20 za mtihani. Safu hizo ni lazima zijazwe kabla ya siku ya kikao cha kuamua nani apite. Juu ya hayo yote umesimama Mtihani wa Serikali wa mwisho wa sekondari, ambao nchi yetu inao tangu miaka ya 1960, na ambao sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Tulijiambia kwamba kazi yetu ni kuwatayarisha watoto kwa siku hiyo. Hatukudanganya, wala hatukuwa wavivu. Tulisahihisha karatasi hadi usiku kwa mwanga wa taa ndogo. Ila hatukusimama hata mara moja kujiuliza tunasahihisha nini.

Ilikuwa msimu wa mvua, miaka michache kabla ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021. Katika darasa la kemia kulikuwa na kijana mtulivu, mwenye mwandiko mzuri. Tulipofanya jaribio juu ya gesi ya kaboni, ile ambayo kitabu chetu kiliiita kwa Kifaransa "gaz carbonique", yeye alipata pointi 18 kati ya 20. Aliandika kwamba gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwamba ni nzito kuliko hewa, kwamba haisaidii moto kuwaka. Aliandika na alama yake ya kikemia bila kosa. Tulimsifu mbele ya wenzake.

Kijana huyo alikaa na wazazi wake upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa, katika yale maeneo ya mawe meusi yenye mashimo na mabonde madogo. Wiki chache baada ya jaribio lile, mdogo wake wa miaka saba alitumwa asubuhi na mapema kukata majani ya simbilisi. Majani mazuri yalikuwa ndani ya bonde dogo nyuma ya nyumba. Mtoto alishuka, akainama, hakuinuka. Kaka yake alimwona kutoka juu amelala kifudifudi. Akakimbia kumwinua, naye akaanguka hatua chache kabla ya kumfikia.

Jirani mmoja, mama mzee ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, alipiga kelele: "Msishuke! Ni mazuku!" Akataka kamba iletwe. Mwanaume mmoja alifungwa kamba kiunoni, akajaza pumzi, akashuka mbio, akamshika kijana aliyekuwa karibu, wote wawili wakavutwa. Kijana alipata fahamu baada ya muda. Alipovutwa yule mdogo, alikuwa amekwisha kufa.

Tulikwenda kwenye kilio kama walimu wake. Tulikaa, tuliomboleza na wazazi, tukatoa mchango wetu, tukarudi. Majuma mawili baadaye kijana alirejea shuleni. Mwisho wa somo alibaki darasani mpaka wenzake wote walipotoka, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ile gesi tuliyoandika kwenye jaribio, na mazuku, ni kitu kimoja?"

Vijana wapendwa, hatukuweza kumjibu mara moja. Alikuwa na pointi 18 kati ya 20. Alizijua sifa zote za kitu kile. Alijua kwamba ni kizito kuliko hewa, maana yake kinakaa chini, shimoni, mahali anapoinama mtoto. Alijua kwamba hakina harufu, maana yake hakitoi onyo. Lakini elimu hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya daftari, kwa Kifaransa, na mazuku yalikuwa nyuma ya nyumba, kwa Kiswahili. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba ni kitu kilekile. Na jaribio letu, ambalo lilipaswa kutuonyesha kwamba hajaelewa, lilituambia kwamba ameelewa karibu yote.

Tulipokutana sisi wanne kuzungumza juu ya swali hilo, mmoja wetu alisema neno lililotuuma: "Yule mama mzee alikuwa na pointi 20."

Basi ndivyo tulivyoanza. Hatukuwa na fedha, wala mradi, wala mtaalamu kutoka nje. Tuliamua tu kukutana kila Alhamisi baada ya masomo, kwa saa moja, katika chumba cha kabati lile.

Alhamisi ya kwanza tulileta mitihani yetu ya miaka mitatu iliyopita, tukasoma swali moja baada ya jingine. Tuliyagawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, maswali yanayotaka kukumbuka tu: taja, orodhesha, fafanua. Fungu la pili, yanayotaka kueleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini jambo liko hivyo. Fungu la tatu, yanayotaka kutumia elimu mahali papya, katika jambo ambalo mwalimu hakulizungumzia. Fungu la kwanza lilijaa meza. La pili lilikuwa na karatasi chache. La tatu lilikuwa tupu. Tulikuwa tumetoa mitihani ya sayansi miaka mitatu bila kuuliza swali moja la sayansi.

Alhamisi iliyofuata tulifanya jambo jingine. Tulichukua karatasi moja ya mwanafunzi, tukafunika jina, tukainakili mara tatu. Kila mmoja wa watatu kati yetu aliisahihisha peke yake nyumbani. Tulipoyaweka majibu mezani, mmoja alikuwa ametoa 7, mwingine 11, mwingine 14. Karatasi ilikuwa ileile. Tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Mmoja alikuwa amepunguza pointi kwa kila kosa la maandishi ya Kifaransa. Mwingine alitaka maneno yaleyale ya kitabu. Wa tatu aliangalia kama wazo ni sahihi hata kama limesemwa vibaya. Tulikuwa tunapima vitu vitatu mbalimbali na kuviita kwa jina moja. Na katikati ya 7 na 14 ndipo ulipo mpaka wa nusu, mpaka unaoamua kama mtoto atapanda darasa au atarudia.

Jambo hili si geni duniani. Mwanasaikolojia Mfaransa Henri Piéron alilichunguza mapema katika karne ya 20, akaipa jina elimu inayopima mitihani yenyewe: dosimolojia. Yeye na wenzake walionyesha kwamba karatasi moja hupata alama tofauti kwa wasahihishaji tofauti. Nasi tulikuwa tumejifunza jina hilo katika masomo ya ualimu, tukalijibu vizuri katika mtihani, tukapata pointi nzuri. Kama yule kijana, nasi hatukujua kwamba kitu hicho kinakaa nyuma ya nyumba yetu.

Tangu hapo tulianza kubadilisha mambo machache. Tunayaeleza hapa kwa sababu yanaweza kumsaidia kila anayefundisha, hata wale miongoni mwenu wanaofundisha wadogo.

Jambo la kwanza: kuanza somo na kile mtoto anachokijua. Kabla ya kuandika neno lolote ubaoni, tuliuliza: "Nani amewahi kusikia habari za mazuku? Nyumbani wanasemaje?" Mikono iliinuka kila upande. Mmoja alisema ni pepo wabaya. Mwingine alisema kuku wao walikufa shimoni, ila mbuzi aliyekuwa na shingo ndefu akatoka mzima. Mwingine alisema huwa ni vibaya zaidi alfajiri, kabla ya upepo. Tuliyaandika yote ubaoni, kwa Kiswahili, bila kumcheka mtu. Somo zima lilikuwa tayari mbele yetu. Kuku yuko chini, mbuzi yuko juu: gesi ni nzito, takriban mara moja na nusu ya uzito wa hewa. Alfajiri hakuna upepo: gesi haijatawanywa. Pepo wabaya: adui asiyeonekana, asiye na harufu. Ndipo tulipoleta jina la Kifaransa, likakuta nyumba imekwisha kujengwa. Tuliwaambia pia jambo lililowafurahisha, kwamba wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wanapoandika juu ya gesi hii hulitumia neno letu, mazuku.

Jambo la pili: kuonyesha kwa vitu vya nyumbani. Tulikata bidoni la plastiki upande wa juu, tukasimamisha ndani yake mishumaa mitatu ya urefu tofauti, tukaiwasha. Katika chupa tulichanganya maji ya ndimu na bikarbonati ya dukani, povu likapanda. Kisha tuliinamisha chupa polepole juu ya ukingo wa bidoni, kama mtu anayemimina maji, tukiwa waangalifu povu lisitoke. Hakuna kilichoonekana kikimiminika. Mshumaa mfupi ukazimika. Baada ya muda, ule wa kati. Mrefu ukaendelea kuwaka. Darasa la watu 60 lilikuwa kimya. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Mshumaa mfupi ni mtoto." Hatukuwa na la kuongeza.

Jambo la tatu lilikuwa maswali yenyewe. Hatukuyaondoa maswali ya kukumbuka, kwa maana bila kumbukumbu hakuna elimu. Lakini tulikubaliana kwamba kila jaribio liwe na mafungu yote matatu. Badala ya kuandika tu "Taja sifa tatu za gesi ya kaboni", tuliongeza swali la namna hii: "Familia inatafuta nyumba ya kupanga karibu na ziwa. Nyumba moja iko juu ya mteremko, nyingine iko ndani ya bonde dogo la mawe. Baba hulala kitandani, mtoto hulala mkekani. Waambie ni nyumba ipi waichague, nani yuko katika hatari kubwa zaidi, na kwa nini. Eleza ungewezaje kulijaribu lile bonde bila kushuka ndani yake." Swali kama hilo halina jibu la kunakili.

Jambo la nne: mwongozo mmoja wa kusahihisha. Kabla ya mtihani tuliketi pamoja na kuandika ni wazo gani linastahili pointi ngapi. Tulikubaliana kwamba kosa la Kifaransa litaandikwa pembeni ili mwanafunzi alirekebishe, lakini halitamnyang'anya pointi ya kemia. Wanafunzi waliandika namba badala ya majina, na mwalimu mmoja alisahihisha swali lilelile katika karatasi zote kabla ya kuhamia jingine. Hilo lilizaa tunda ambalo hatukulitazamia. Mnajua kwamba katika mji wetu kuna wazazi wanaokuja kumwona mwalimu na bahasha, na kuna walimu wanaoipokea. Pale ambapo karatasi haina jina, na pointi zimekwisha kuandikwa katika mwongozo wa watu wanne, bahasha haina pa kuingilia.

Jambo la tano lilikuwa gumu zaidi: kurudisha karatasi na maneno kabla ya pointi. Kwa jaribio moja katika kila kipindi tuliandika pembeni tu, "Umesema ni nzito. Basi itakaa wapi?" au "Wazo zuri, lakini umeligundua vipi?" Mwanafunzi alipewa siku tatu kuandika upya sehemu iliyokosewa. Pointi zilikuja baadaye. Mwanzoni waliona tunawachezea. "Mwalimu, nimepata ngapi?" ndilo lililokuwa swali la pekee. Polepole swali likabadilika: "Mwalimu, hapa umetaka nieleze nini?"

Msidhani kwamba mambo yalikwenda sawa. Kipindi cha kwanza cha maswali mapya, pointi zilianguka vibaya. Watoto waliozoea 70 walipata 48. Mama mmoja alikuja shuleni akiwa na buletini mbili, ya zamani na mpya, akasema: "Mwalimu, mwanangu alikuwa na akili mwaka jana. Mmemfanya nini?" Mkuu wa shule alituita. Alikuwa na hofu ya haki: shule inayotoa asilimia ndogo hupoteza wanafunzi, na shule inayopoteza wanafunzi hupoteza michango ya wazazi inayowasaidia walimu ambao Serikali bado haijawalipa mshahara. Mwenzetu mmoja, mtu mwema, alituambia wazi kwamba programu ni ndefu, kwamba tunachelewesha sura tatu, na kwamba Mtihani wa Serikali hautauliza habari za mishumaa. Hatukuwa na jibu la kumnyamazisha. Kweli sura zilibaki. Tulilazimika kuchagua zipi zifundishwe kwa kina na zipi zipitiwe kwa muhtasari, na hadi leo hatuna hakika kwamba kila uchaguzi wetu ulikuwa sahihi.

Kilichotuokoa ni kuwaita wazazi. Tuliwaonyesha bidoni na mishumaa ileile. Tuliwasomea swali la nyumba mbili. Wazazi walianza kujibu wao wenyewe, kwa sauti, wakibishana. Yule mama wa buletini mbili aliuliza kama mwanawe alilijibu swali hilo. Tulimpa karatasi. Alipomaliza kusikiliza alichoandika mtoto, alisema, "Kumbe anajua kitu." Alikuwa na 48. Baba mmoja alisimama akasema kwamba wao hulala chini kwenye mkeka, na kwamba usiku huo wataipanga nyumba upya. Kwetu sisi, hilo ndilo lililokuwa tokeo la kwanza la mtihani.

Halafu ikaja jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka kuelekea mji, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa mingi waliamriwa kuondoka, kwa hofu kwamba kuna mlipuko mwingine unaokuja chini ya mji au chini ya ziwa. Watu wapatao 400,000 walikimbia, wengi wakielekea Sake, wengine Rwanda, wengine Bukavu kwa njia ya maji. Mliyaona wenyewe. Watu walilala popote walipokuta nafasi. Wanafunzi wetu waliporudi, wawili walitusimulia kwamba waliwakataza wazazi wao kutandika katika bonde lililoonekana kuwa na kinga ya upepo. Walisema, "Hapa hapana upepo, ndiyo sababu tusilale." Hatujui kama bonde lile lilikuwa na gesi. Tunajua tu kwamba walilitumia somo mahali ambapo mwalimu hakuwapo. Hakuna safu ya kuandika jambo hilo katika buletini.

Tunaishi mahali ambapo sayansi haiko mbali. Madarasa mengi ya mji huu yamesimama juu ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyofunika sehemu kubwa ya katikati ya mji na kuliangusha Kanisa Kuu letu. Chini ya maji ya Kivu kumelala gesi ya kaboni inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, na methani kilomita za ujazo 60 hivi. Methani hiyo inaweza kuwa baraka: upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt huichoma na kutoa umeme wa megawati 26. Na gesi ya kaboni inaweza kuwa msiba: tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana kulinganisha na letu, lilitapika gesi hiyo usiku mmoja, na watu 1,700 hivi wakafa katika mabonde yaliyolizunguka. Mtoto wa Goma anayekariri neno "gesi" bila kulitazama ziwa anafanana na mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye bila kujua kwamba ni yake.

Sisi tunaofundisha pia katekisimu tunaijua hatari hii kwa upande mwingine. Mtoto anaweza kujibu maswali yote ya kitabu bila kukosea neno, na bado asijue jibu hilo linamdai nini atakapokutana na jirani yake njiani. Kukariri ni mlango. Ole wetu tukimwacha mtoto mlangoni na kumpongeza kwamba ameingia.

Sasa, vijana, mtauliza: haya ni mambo ya walimu, sisi yanatuhusu nini? Yanawahusu sana. Mwalimu anayefundisha kwa kunakilisha hupata nguvu kutoka kwa wanafunzi wasiouliza. Msiogope kusema, "Mwalimu, neno hili nyumbani tunaliitaje?" au "Jambo hili linaonekana wapi hapa mtaani?" Mkirudishiwa karatasi, someni kwanza kilichoandikwa pembeni, halafu ndipo mtazame pointi. Msinunue pointi, wala msiziibe, kwa maana mtu aliyenunua cheti bado hajui ni bonde gani asishuke. Na kile mlichoelewa, wafundisheni wadogo zenu kwa lugha ya nyumbani.

Na kwa kuwa tumelianza, tulimalize vizuri. Msishuke katika mashimo na mabonde ya mawe alfajiri au siku isiyo na upepo. Mkiona ndege, panya au wadudu waliokufa mahali pa chini, ondokeni na mwonye jirani. Taa au mshumaa ulioshushwa kwa kamba ukizimika, hapo pana kifo. Lakini hata usipozimika, msijiamini. Mkimwona mtu ameanguka shimoni, msimkimbilie bila kamba na bila watu wa kuwavuta, kwa maana gesi hiyo ikizidi sehemu 10 katika 100 za hewa, humwangusha mtu kwa dakika chache tu. Yule kijana alimpenda mdogo wake. Upendo ulimshusha. Elimu ndiyo iliyopaswa kumwambia achukue kamba.

Yeye alimaliza sekondari. Alituomba jambo moja tu kabla ya kuondoka: ile karatasi yake ya 18 kati ya 20, ambayo tulikuwa tumeihifadhi katika kabati. Tulimpa. Hakuichukua. Alichukua kalamu nyekundu mezani, akaandika chini ya jibu lake, kwa Kiswahili: "Hii ndiyo mazuku." Kisha akaturudishia. Kila mwaka, somo hilo linapofika, karatasi hiyo ndiyo tunayoanza nayo.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Ni somo gani nililopata pointi nyingi ambalo sijawahi kulitumia nje ya darasa? Kwa nini?

2. Katika mtaa wetu, ni wazee gani wenye elimu ambayo shule haijaiandika? Tumewahi kuketi nao na kuwauliza?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini, mwezi huu, ili watoto wa jumuiya zetu ndogo wayajue mabonde yenye mazuku yaliyo karibu nao?